Rapa akihamia kwenye utangazaji, muziki ndo umekwisha? Nimemwangalia Ali B wa Uholanzi

Cheyo_Flow (Tabora):
Wakuu habari za jioni. Narap toka niko sekondari, sasa redio moja ya hapa mjini imeniita niendeshe kipindi cha jioni, na washikaji wote wananiambia ukishakuwa mtangazaji ndo umezika muziki. Mjomba wangu amewahi kuishi Uholanzi akanitajia Ali B, jina kamili Ali Bouali, mzaliwa wa 1981 mwenye asili ya Morocco, 2004 alitoa ngoma na Marco Borsato ikashika namba moja kule, mwaka uliofuata akafanya remix na Akon, halafu 2011 akaanza kipindi chake cha TV. Tumekaa mpaka saa saba usiku mjomba ananitafsiria vipande vya YouTube, wazee waimbaji wanafuta machozi na mimi Kiholanzi sijui hata neno lakini nilielewa kila kitu. Nikubali hii kazi?

MwanaUjiji:
Kubali mdogo wangu. Hicho kipindi nakifahamu, kinaitwa Ali B op volle toeren. Anakutanisha rapa na mwimbaji mkongwe, kila mmoja anachukua wimbo wa mwenzake anautengeneza upya kwa staili yake halafu anampigia mwenyewe akiwa amekaa pale pale anasikiliza. Na Ali B hakuwa mtu wa kushika karatasi ya maswali tu, alikuwa anaingia studio na prodyuza Brownie Dutch na anarap mwenyewe, sasa hapo muziki ameuacha wapi? Hata kwetu Kigoma Baba Levo kaimba, kawa diwani, katangaza redio, na mashairi bado anayo.

Mama Nyanyembe:
Mwanangu mimi nakuunga mkono, ila hadithi ya huyo mtu msiikatie njiani. Alikuwa jaji The Voice of Holland, Januari 2022 zikatoka tuhuma za udhalilishaji wa kingono kwenye shindano lile, yeye akiwa mmoja wa waliotajwa, matangazo yakasimamishwa, na Julai 2024 mahakama ya Haarlem ikamhukumu miaka 2 jela kwa ubakaji. Alikana na akakata rufaa. Wasichana wanaokuja studio kwako kutafuta nafasi ya kusikika wanakuja wamekuamini, na wewe ndo umeshika hiyo nafasi, hilo liwe kichwani toka siku ya kwanza.

Halafu Tabora hii hii kulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids. Marehemu baba alikuwa anafuta santuri zake kwa kanga ya mama kabla ya kuziweka kwenye gramafoni, sisi watoto haturuhusiwi hata kupumua karibu. Nyimbo zile vijana wa leo hawazijui kabisa na inaniuma sana.

Cheyo_Flow (Tabora):
Shikamoo mama, nimekusoma na hilo la wasichana nimelibeba. Na hapo kwenye bendi umenigusa, mtaani kwetu kuna mzee alikuwa anapiga gitaa kwenye bendi enzi hizo, gitaa bado analo limebaki nyuzi tatu, anaanika nguo za wajukuu huku anapiga mluzi melodi moja ile ile kila asubuhi. Leo nimemfuata nikamuomba aniimbie maneno yake, akaniuliza "yote?" nikamwambia yote, nimerekodi kwa simu dakika kumi na mbili. Jumatatu naenda kuonana na meneja wa redio na nitamsikilizisha hiyo kwanza kabla hatujaongea mshahara. Nyuzi za gitaa hapa Tabora zinauzwa wapi?

MwanaUjiji:
Ukikosa hapo niambie, nakutumia kwa treni.