Naomba ushauri: pikipiki na magari yanapita kasi mtaani kwetu

Habari zenu ndugu zangu, naombeni mawazo.

Barabara ya mtaa wetu ni nyembamba na nyumba zimebanana, mlango ukifunguliwa tu mtoto yuko njiani. Magari yanaegeshwa hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu, basi wote tunatembea katikati ya barabara. Juzi binti wa jirani alichomoza kati ya magari mawili, pikipiki ikamkosakosa. Kandambili yake moja ikabaki chini ya tairi. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Tuliweka mawe kupunguza mwendo, tukayaondoa wenyewe maana gizani yangeua mtu. Viongozi wa mtaa nimewaandikia mara mbili, kimya. Ninachotaka ni matuta: gari likiwa kilomita 50 kwa saa huhitaji karibu mara mbili ya umbali wa kusimama kuliko likiwa kilomita 30, na hapa mtoto hutokea mita chache tu mbele yako.

Mliofanikiwa kujengewa matuta, barua yenu ilieleza nini na mliifuatilia vipi? Na hawa wanaoegesha njiani, ambao ni majirani zetu, tuongee nao vipi bila kugombana?