Kishikwambi cha Baba Mkubwa

UKOO WETU (Tabata, Tanga na kwingineko)
Jumamosi usiku

Salim: Shikamooni wakubwa wote. Nina hoja. Baba Mkubwa anatimiza miaka 72 mwezi ujao. Tuchange tumnunulie kishikwambi, aachane na ile kompyuta inayounguruma kama mashine ya kusaga. Laki tano inatosha. Naanza na hamsini.

Zainabu: Hamsini yangu pia ipo 🙌

Shangazi Rehema: Wazo zuri Santa mwanangu. Naweka thelathini

Baba Mkubwa: Marahaba. Nimo humu humu kikundini, nanyi mnanichangia kama maiti anayepimiwa sanda huku anasikia. Asanteni kwa moyo wenu, lakini kishikwambi sitaki. Rehema, Santa ndiyo nani?

Shangazi Rehema: Sana!! Nimeandika sana. Hiki kitu kinanirekebisha bila kuniuliza

Baba Mkubwa: Jana ulituambia umepika wall na maharage. Kwa Kiingereza huo ni ukuta, mdogo wangu.

Zainabu: 😂😂😂 mi nilidhani nyumba imebomoka

Salim: Baba Mkubwa, dunia imehama. Kompyuta za mezani zinakwenda makumbusho sasa hivi.

Baba Mkubwa: Hayo nayasikia tangu wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Mwaka 2001 Bill Gates wa Microsoft alisimama kule Las Vegas akatabiri kwamba ndani ya miaka 5 kompyuta za aina ya kishikwambi ndizo zitakazouzwa kuliko zote Marekani. Ikaja 2006, ikapita, watu wako na laptop zao. Januari 2010 Steve Jobs wa Apple akapanda jukwaani San Francisco na iPad. Haikuwa na kibodi, wala tundu la kuchomeka fleshi. Tukaambiwa tena kompyuta imekufa, tujiandae kwa maziko.

Baba Mkubwa: Jobs huyo huyo, alipozindua iPhone 2007, aliwakejeli wanaoandika kwenye kioo kwa kalamu, eti nani anaitaka. Mwaka 2015 kampuni yake ikatoa iPad kubwa, na kalamu yake dola 99, na kibodi yake dola 169, vyote unanunua pembeni. Yaani wamezunguka weee, wamerudi pale pale nilipokaa, na nauli wananidai mimi.

Zainabu: Baba Mkubwa hayo yote umeyaandika saa ngapi???

Baba Mkubwa: Vidole kumi, binti yangu. WhatsApp yangu iko kwenye kompyuta. Salim anaandika kwa dole gumba moja na nusu, ndiyo maana hoja zake fupi.

Mjomba Idi: Mimi nimeona simu inayokunjwa kama kanga. Nayo tuipitishe kwenye kikao?

Baba Mkubwa: Shemeji, kanga ukiikunja haiwi na mkunjo katikati ya maneno.

Salim: Sawa, lakini kompyuta yako ni ya lini?

Baba Mkubwa: 2011. Imebadilishwa diski mara moja, feni mara mbili, RAM nimeongeza. Fundi anaifungua kwa bisibisi huku tunakunywa kahawa. Zainabu, kishikwambi chako kilipokufa betri fundi alisemaje?

Zainabu: Alisema kioo kimegundishwa, akikibandua kinaweza kupasuka, na kioo kipya bei yake karibu na kununua kingine. Mwanangu anakitumia kusukumia chapati za udongo.

Shangazi Rehema: Kaka na mimi nisikilizwe. Hiki changu ni cha sensa ya 2022. Watu milioni 61 na laki 7 wamehesabiwa kwa vishikwambi kama hivi, karani anapita nyumba kwa nyumba juani. Ungembebesha ile monita yako kichwani? Sensa ilipokwisha tukagawiwa walimu. Nasoma mtaala kitandani, maandishi nayakuza mpaka miwani naisahau mezani.

Baba Mkubwa: Hapo umenishika, na nakubali. Karani anauliza, anagusa, anauliza, anagusa. Chombo kimepata kazi yake. Kusoma pia sibishi, macho yangu nayajua mwenyewe. Ninachokataa ni kuambiwa kitu cha kusomea ndicho kitanifanyia hesabu.

Baba Mkubwa: Na msinione mshamba wa mashine. Serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974 nilikuwa na miaka 21, ndiyo kwanza naanza uhasibu. Tulijumlisha kwa mkono, kurasa mia, ukikosea senti unarudi ukurasa wa kwanza. Siku niliyowekwa mbele ya Lotus 1-2-3, programu ya mahesabu ya kompyuta, nikabadilisha namba moja na jumla ikajibadilisha yenyewe, nilitoka nje nikavuta sigara. Na sikuwa mvutaji. Kwa hiyo kitu kipya nikikiona kinapunguza kazi, nitakuwa wa kwanza kupanga foleni.

Mjomba Idi: Salim, umesahau mambo ya harusi ya Zuhura?

Salim: Mjomba tafadhali

Baba Mkubwa: Ayaseme mwenyewe mweka hazina.

Salim: Haya. Nilifungua faili la michango kwenye kishikwambi, niko kwenye daladala. Likapigwa breki pale Buguruni, dole likagusa seli ya jumla. Fomula ikafutika ikabaki 8. Nikalirusha kwenye kamati bila kuangalia.

Zainabu: "Jumla ya michango: Sh 8" 😭😭

Mjomba Idi: Kamati nzima kimya. Baba wa bwana harusi ananitazama mimi. Mimi!

Baba Mkubwa: Nilikuwa na nakala kwenye fleshi, kila Ijumaa natoa nakala. Dakika tano jumla ikarudi. Ukumbi ulikuwa unasubiri malipo ya awali.

Salim: Nimekubali yaishe 🙏 Basi tukununulie nini?

Baba Mkubwa: Kibodi. Yangu herufi A imefutika zamani, hilo halinisumbui, vidole vinajua njia. Ila tangu wiki hii imeanza kugoma, mpaka niigonge mara mbili. Na Kiswahili bila A utaandika nini?

Salim: Kibodi tu? Hiyo Kariakoo hata elfu ishirini haifiki!

Baba Mkubwa: Hiyo hiyo. Zikibaki, niwekeeni betri ya UPS, umeme wa huku mnaujua. Zikibaki tena mpelekeeni Zuhura, mtoto wake anaingia darasa la kwanza.

Salim: Jumatatu nikitoka kazini napita Kariakoo. Ya waya au isiyo na waya?

Baba Mkubwa: Ya waya. Isiyo na waya inataka betri, tutarudi kule kule.

Salim: Imepita. Jumatano iko mezani kwako inshallah.

Baba Mkubwa: Mungu kubriki mwnngu. Asnte sn.

Shangazi Rehema: Sn ndiyo nani, kaka?