"Kwani usiku unakwenda wapi?" Huyu muuza magari amenidhalilisha mbele ya mama mkwe

Baba Viti Saba (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka hapa ninapoandika, na si baridi ya Tukuyu, ni hasira.

Mnamjua. Jina sitaji, wasimamizi wasije wakanifungia. Yule wa yadi ya Dar yenye vibendera, anayekuita "tajiri" kabla hujashuka kwenye bodaboda. Yule ambaye kila gari lake lilikuwa la daktari wa kike, linakwenda kazini na kanisani tu. Kwa hesabu ya magari aliyokwisha kuuza, nchi hii ina madaktari wa kike wengi kuliko wagonjwa.

Jana saa 3 usiku nimempigia simu niko kona za Isongole, kabla ya kufika Tukuyu. Mvua, ukungu, watu saba ndani ya gari, magodoro mawili juu, mama mkwe kiti cha mbele. Simu iko sauti ya nje kwa sababu mkono mmoja umeshika usukani, wa pili unafuta kioo kwa taulo la mtoto. Nikamwambia kaka, gari uliloniuzia halioni. Akanijibu taratibu, namsikia anatafuna kitu:

"Sasa tajiri, kwani usiku unakwenda wapi?"

USIKU. UNAKWENDA. WAPI. Kama vile nimenunua kuku, jua likizama nilifungie bandani.

Mama mkwe kasikia. Nyuma kule mke wangu kacheka, akajifanya anakohoa. Nimemuoa miaka 11, kikohozi chake nakijua.

Nianze na taa, maana ndizo zilizoniponza. Siku naliangalia zilikuwa zinang'aa, nikajisifu kimoyomoyo kwamba gari la mwaka 2003 limetunzwa. Kumbe kazipiga dawa ya meno usiku wa kuamkia siku hiyo. Wakuu, mvua ya kwanza taa zilitoa povu. Wiki ya tatu zikarudi rangi yake ya asili, rangi ya mafuta ya mawese. Jana kuanzia Chimala naendesha na mishumaa miwili iliyofungiwa kwenye kopo la asali. Ya kushoto ina maji ndani, nusu nzima, ningejua ningefuga perege. Ya kulia inamulika juu ya miti. Bundi wote kuanzia Chimala hadi Uyole wananijua kwa sura.

Nikabonyeza maji ya kioo. Yakaruka juu ya bati yakampata bodaboda aliyekuwa nyuma. Waipa ya upande wangu mpira umeachia, unaning'inia kama mkia wa mjusi, chuma kinakwangua kioo. Na si mara ya kwanza, kioo kina mikwaruzo ya nusu duara, mtu kachora upinde wa mvua. Mchana huioni. Lori likija na fulu, zile taa kali za mbali, kioo kizima kinawaka, mbele naona pazia la harusi. Hapo ndipo nilipompigia. Na hapo ndipo alipouliza kwani usiku nakwenda wapi.

Nikawasha AC ikaushe ukungu wa ndani. Kitaa cha kitufe kikawaka, kizuri, cha kijani. Hewa ya moto. Leo asubuhi fundi wa hapa kafungua boneti, kaangalia, kaniangalia mimi, kaniuliza, "Mzee, mkanda wa kompresa uliuvua wewe?" HAUPO. Bila huo mkanda AC haipozi. Kaniuzia kitaa cha kijani. Feni nayo ina spidi moja tu, ya nne, inavuma kama helikopta mpaka mtoto akalia. Kioo cha nyuma tinti imegeuka zambarau ina mapovu kama uji unaochemka, na kuna sehemu mtu alijaribu kuibandua kwa wembe akakata zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu. Saiti mira ya kushoto inatetemeka, gari moja nyuma yangu naliona manne.

Kwa hiyo tumeingia Tukuyu hivi: shemeji yangu kichwa nje ya dirisha anapiga kelele "kushoto! kushoto! mtaro!", mimi namfuata kwa sauti, na mama mkwe, mama wa watu niliyekuwa namrudisha kwao kwa heshima zote, kavua kanga yake ya juu ananifutia kioo. Kimya. Hajasema neno tangu Uyole. Tumefika, kashuka, kakunja ile kanga imelowa chapachapa, akaniambia, "Baba Neema, siku nyingine nitapanda basi."

Milioni 9 na laki 2, wakuu. Halafu kwani usiku unakwenda wapi.

Naombeni ushauri. Si wa gari. Wa kumjibu nini.

Kiti cha Dirishani

Nimekaa paleee na karanga zangu. Endelea mkuu.

Ng'ombe wa Maskini

Uzi bila picha ni sawa na hilo gari bila waipa. Weka picha ya hizo taa. Ya kanga pia.

Fundi Kimya

Pole mkuu. Hizo taa si kioo, ni plastiki. Zikitoka kiwandani zina ngozi nyembamba juu inayozuia jua, na jua letu likiila ile ngozi, plastiki inakuwa njano. Dawa ya meno inakwangua njano ya juu na kumalizia ngozi iliyobaki, ndiyo maana zilirudi haraka. Na msije mkajaribu dawa ya mbu ya kupuliza, ile inayeyusha plastiki, inang'aa siku mbili halafu inapasuka nyufa ndogondogo. Piga msasa wa maji namba 800, kisha 1000, kisha 2000, malizia na klia, ile vanishi angavu ya kupuliza. Bila klia umefanya kazi ya bure. Hiyo yenye maji, sili yake ya kuzuia maji imeachia, ifunguliwe ikaushwe.

Feni kuvuma spidi ya mwisho tu ni resista, ile inayopunguza spidi, imeungua, kitu kidogo hicho. Swali moja: kile kitufe cha hewa, ulikuwa umeweka izunguke ndani au itoke nje? Watu saba mnapumua na nguo zimelowa, ukifunga hewa izunguke ndani hata gari jipya litapiga ukungu.

Baba Viti Saba

Mkuu Fundi Kimya, nimeleta malalamiko, sijaleta gari gereji. Na ilikuwa inazunguka ndani, ndiyo. Kulikuwa na baridi!

Fundi Kimya

Haya.

Mzee wa Chalinze

Ulilikagua saa ngapi hilo gari?

Baba Viti Saba

Saa 7 mchana.

Mzee wa Chalinze

Jua la Dar saa 7 mchana hata kiberiti ni taa. Umepigwa na kitu kizito mdogo wangu. Gari linakaguliwa jioni, mbele ya ukuta mweupe, uone taa zote mbili zinatua wapi. Halafu unamwagia kioo maji unawasha waipa. Dakika tano tu. Wewe ulikuwa unapiga honi na kunusa viti.

Ng'ombe wa Maskini

Kunusa viti 😂😂😂 mkuu wangu huyu alikagua redio.

Baba Viti Saba

Redio ni nzima, ndiyo. Hilo nalo ni kosa? Hata angekuwa ameniuzia kwa mnada gizani, ndiyo aniulize usiku nakwenda wapi? MAMA MKWE ALIKUWEPO.

Nyota ya Kilindini

Poleni jirani zetu. Huku Kenya gari likishapita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa, ndio maana hatuna vituko hivi.

Mzee wa Chalinze

Yanayoingia yana miaka 7, sawa. Miaka 15 baadaye yanakuwa na mingapi? Au huko kwenu gari halizeeki?

Nyota ya Kilindini

Yakizeeka tunawauzia walimu.

Mwalimu wa Zamu

Nimekuona.

Mteja Halisi 1 (amejiunga leo)

Mimi pia nilinunua pale na gari langu ni zima kabisa, wala halina shida. Tatizo ni dereva. Hata hilo la kwake nalijua, lilikuwa la daktari wa kike.

Kiti cha Dirishani

KAJILETA 😂😂😂

Ng'ombe wa Maskini

Tajiri shikamoo! Mkanda wa kompresa uko wapi?

Bi Mkubwa wa Mbagala

Mnacheka taa za njano, shukuruni mna taa. Mimi niliegesha mbele ya kanisa, ibada ya kwanza, natoka saiti mira zote mbili hazipo. Na nilikuwa nimechonga namba ya gari juu ya vioo kama tulivyoshauriwa! Jumatatu nikaenda Gerezani kutafuta nyingine. Kijana ananitolea kioo, nakigeuza, namba YANGU. Imekwanguliwa herufi moja tu. Nikamwambia mwanangu, hii ni yangu. Akasema, "Basi mama, kwako nitapunguza."

Mzee wa Chalinze

Hahahahaha "kwako nitapunguza". Ulinunua?

Bi Mkubwa wa Mbagala

Ningefanyaje? Inaenea vizuri kabisa.

Dereva Mstaafu

Mimi kero yangu si wenye taa hafifu. Ni hawa vijana wanaofunga taa nyeupe za kienyeji kwenye gari ambalo taa zake ziliundwa kwa balbu ya kawaida ya wati 55. Mwanga unatawanyika hovyo, unampofusha anayekuja, halafu mwenyewe anakwambia anaona vizuri. Juzi kati ya Doma na Mikumi nimekutana na mmoja, nikadhani malaika wamekuja kunichukua. Nimesimama pembeni nikatubu.

Kijana wa Taa Nyeupe

Mzee, ukipunguziwa fulu nawe punguza. Nyie ndio mnaokaa na fulu kuanzia Morogoro.

Dereva Mstaafu

Nimeendesha lori tangu hujazaliwa, usinifundishe dimu.

Kijana wa Taa Nyeupe

Ndio maana huoni, macho yako nayo yameshakuwa njano.

Mwalimu wa Zamu

Jamani heshima. Mimi niliwahi kuharibikiwa waipa mvua kubwa, kondakta akachana sigara mbili akasugua tumbaku kwenye kioo, maji yakawa yanateleza yenyewe. Tulifika.

Bi Mkubwa wa Mbagala

Hata kiazi mbatata kibichi ukikikata nusu.

Dereva Mstaafu

Kiazi ni kweli. Ila trafiki akikukuta huna waipa, kiazi hakikusaidii, elfu 30 unalipa.

Ng'ombe wa Maskini

Mimi nilipigwa elfu 30 kwa taa moja kutowaka. Nikairekebisha mbele yake kwa kuigonga ngumi, ikawaka. Akasema sawa, imewaka, ila sasa imepinda.

Baba Viti Saba

Wakuu turudi kwenye mada. Usiku. Unakwenda. Wapi.

Mzee wa Chalinze

Sasa kweli mkuu, tuseme ukweli. Ulikuwa unakwenda wapi usiku na watu saba?

Baba Viti Saba

NILIKUWA NAMRUDISHA MAMA MKWE TUKUYU NIMEANDIKA HAPO JUU

Mzee wa Chalinze

Si ungelala Mbeya mjini asubuhi ukamalizia? Kilomita hazifiki 80.

Kiti cha Dirishani

Jamaa wa yadi kapata wakili.

Bi Mkubwa wa Mbagala

Mimi nimebaki na huyo mama. Kanga ilikuwa imeandikwa nini?

Baba Viti Saba

"Usisafirie nyota ya mwenzio."

Bi Mkubwa wa Mbagala

Eeeh. Alijua.

Mwalimu wa Zamu

Huko Tukuyu mkungu wa ndizi sasa hivi ni shilingi ngapi? Nina sherehe mwezi ujao.

Ng'ombe wa Maskini

Mwambie akuletee kwenye hilo gari, zitafika zimeiva.

Dereva Mstaafu

Nauza saiti mira ya kushoto, ya umeme, haijawahi kuibwa. Ilitoka kwenye gari langu la zamani la viti saba. Mwenye shida anicheki pembeni.

Baba Viti Saba

Ya mwaka gani mzee wangu? Na inakunjika?