Wagonjwa wanakohoa wodini: tuendelee kwenda kumwona mama?

Swali: Ndugu zangu, mama amelazwa katika wodi ambamo wagonjwa wanne wameanza kukohoa ndani ya siku tatu, vitanda vimebanana na madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Je, tuendelee kwenda kumwona?

Jibu la kwanza: Pole sana, dada. Aende mmoja tu, avae barakoa, anawe mikono akiingia na akitoka, na amwombe muuguzi afungue madirisha mvua ikikatika. Korea Kusini, mwaka 2015, msafiri mmoja aliyetoka Mashariki ya Kati na virusi vya MERS, vinavyosababisha ugonjwa mkali wa mfumo wa kupumua, alipita hospitali kadhaa kabla ya kugunduliwa. Watu 186 walithibitishwa kuugua, wengi wakiambukizwa humo humo hospitalini, wakiwamo ndugu waliokuwa wakiuguza.

Jibu la pili: Mwenye mafua abaki nyumbani, hata akiwa kifungua mimba. Nanyi mna haki ya kumuuliza daktari wa zamu kama wanaokohoa wamepimwa na watatengwa lini, kwa kuwa ukimya ndio unaozidisha hofu.