Ziara ya nyumba kwa nyumba: mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji, Uganda) aandike nini?

Swali: Wakubwa, shikamooni. Kijiji kina kaya kama 90. Mwenyekiti apange vipi ziara, na daftari liwe na nini?

Jibu la 1: Kaya 10 kwa siku zatosha, ukikimbiza 30 utaishia kusalimia tu. Nenda alfajiri au jioni, watu wakiwa hawako shambani. Fuatana na katibu na mhudumu wa afya wa kijiji. Kwenye daftari: mwenye kaya, idadi ya watu, wageni, watoto wasiosoma, choo, kichanja cha vyombo, kibuyu chirizi (cha kunawia mikono). Usiulize "mna choo?" Wote watasema ndiyo. Omba kukiona. Njia yenye majani marefu na utando wa buibui mlangoni vyakwambia hakitumiki.

Jibu la 2: Mwenzangu amesahau ahadi. Kila unaloahidi liandike na tarehe, maana ziara ya pili wataanza na hilo. Na fedha za PDM (mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, yaani eneo la vijiji kadhaa) usijifanye wewe ndiye mgawaji: ile shilingi milioni 1 hupitia SACCO ya parishi, ni mkopo.

Muulizaji: Na kesi wanazoleta njiani?

Jibu la 2: Usiamue mlangoni pa mtu, hata ukisihiwa. Deni dogo au ugomvi wa mipaka upeleke mbele ya mahakama ya LC, pande zote zisikilizwe. Ubakaji, kunajisi mtoto, mauaji: polisi moja kwa moja. Kusuluhisha hayo kwa mbuzi ni kujitafutia jela.