MREJESHO: Cherehani zilizofukiwa na tope Katesh

Wakuu, niliwauliza namna ya kuokoa cherehani za mafundi wa Katesh, mkoani Manyara, zilizofukiwa na tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang, Desemba 3, 2023. Asanteni mno. Tulifuata ushauri wenu: kuosha tope lote kwa maji safi, kuanika, kuloweka vyuma kwenye mafuta ya taa hadi kutu ilegee, kisha oili ya cherehani. Cherehani za kukanyaga kwa miguu, nyingi sasa zinazunguka! Za umeme, mota zimekufa. Meza zilikuwa zimevimba na kupasuka, ila maseremala wa palepale wametengeneza mpya bila kudai hela ya ufundi, ila ya mbao tu. Mafundi wameanza na sare za shule za watoto waliopoteza kila kitu. Nimefurahi sana. Tumepungukiwa bobini (vigurudumu vya uzi wa chini) na mikanda ya kuzungushia cherehani. Mwenye nazo aseme.