Gumzo la ukoo: Salim na kadi yake

Jumamosi

Salim: Shikamooni wakubwa. Kaka Hamza upo? Nimepata kadi ya grafiki, ile ya kuendeshea picha za gemu kwenye kompyuta, nataka nilipie leo kabla haijachukuliwa. GTX 1050 Ti, GB 4, laki na themanini. Ile gemu ya mpira, FC 24, kiwango chake cha chini ndiyo hiyohiyo.

Mama Salim: Marahaba. Hiyo hela si uliniambia ya kozi ya udereva?

Salim: Mama jamani, ile nyingine.

Bibi: Marahaba wajukuu zangu. Nani anapita kuchukua ndizi? Zinaiva zote kwa mpigo.

Hamza: Shikamoo bibi, nitapita jioni. Dogo, tuma picha. Siyo ya boksi, ya kadi yenyewe, upande unaochomekwa skrini.

Salim: 📷 Picha

Hamza: Hiyo soketi ya bluu yenye matundu kumi na tano ni nini?

Salim: VGA. Ndiyo maana nimeipenda, skrini yangu ina VGA tu.

Hamza: Usilipe.

Salim: Kwa nini tena??

Hamza: 1050 Ti ya kweli haina VGA. Kizazi kile cha mwaka 2016 NVIDIA, wenye chipu zake, waliachana kabisa na njia hiyo ya kutoa picha. Hapo umewekewa chipu ya 2010 au 2011, wameiandika jina jipya kwa ndani. Ukiichomeka, Windows yenyewe inakuambia ni 1050 Ti. Shughuli inaanza ukifungua gemu.

Salim: Mwuzaji kasema wameipima.

Hamza: Mwambie aifungue kwenye GPU-Z akutumie picha ya skrini. Ni programu ya bure ya kukagua kadi. Kadi ikiwa ya kughushi inaandika FAKE mbele ya jina.

Salim: Haya, ngoja

Baba Salim: Mimi swali langu ni moja. Hiyo kadi inakula umeme kiasi gani? LUKU nanunua mimi.

Hamza: Shikamoo baba mdogo. Kadi za aina hiyo mwisho wake ni wati 75. Akicheza saa nne haifiki theluthi ya uniti.

Baba Salim: Saa nne?!

Mama Salim: Saa moja. Na vyombo vimeoshwa.

Salim: Mwuzaji kanifungia. Hata picha yake ya wasifu siioni tena 😭

Baba Salim: Ulikuwa unaingizwa mjini mchana kweupe.

Mjomba Idi: Salaam aleikum kutoka Sharjah. Nimesoma yote sasa hivi. Salim achana na hao, huku kuna mtaa mzima wa kompyuta za mtumba. Jamaa mmoja ananiuzia RTX 3060, GB 12. Nitaongezea mimi, iwe zawadi ya kumaliza kidato cha nne.

Salim: MJOMBA ❤️❤️❤️

Hamza: Waaleikum salaam mjomba, shikamoo. Subiri kwanza. Salim, fungua kasha la kompyuta, washa tochi, piga picha karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai, lile boksi linaloingiza umeme.

Salim: 📷 Picha

Hamza: Wati 200. Nilijua tu. Hizi kompyuta za HP zilikuwa za maofisini, zikaja kama mtumba. Ni nzuri, hazili umeme, lakini zilitengenezwa mtu aandike barua, siyo acheze. Mjomba, 3060 peke yake inataka wati 170 na waya wake maalumu kutoka kwenye pawa saplai. Huo waya humo haupo.

Mjomba Idi: Basi abadilishe pawa saplai.

Hamza: HP wa namna hii pawa saplai yake ina umbo lake na vichomeo vyake. Ya dukani haiingii. Halafu kasha lenyewe ni jembamba, kadi ya kimo cha kawaida haisimami humo, ukifunika mfuniko haufiki. Kwa mashine hii hiyo 3060 hata ukimpa bure ni pambo.

Mjomba Idi: Duh.

Mama Salim: Kwa hiyo mwanangu hapati kitu?

Hamza: Anapata, mama mdogo. Kadi ya kimo kifupi, isiyo na soketi ya waya wa umeme, inayojitosheleza na hizo wati 75 za kwenye ubao mama. Hapo uchaguzi ni mdogo, na ndiyo raha yake.

Mama Salim: Mimi nimeona hapa GT 730, GB 4, bei rahisi. Na ile ya kwanza ya Salim ilikuwa GB 4. Si kitu kilekile?

Hamza: Hapana mama mdogo, na hapo ndipo wengi wanapigwa. GB ni ukubwa wa kumbukumbu, kama kabati la jikoni. Haikuambii mpishi ana mikono mingapi. Kuna GT 1030 ambayo mtego wake ni mbaya zaidi: ilitoka na kumbukumbu ya GDDR5, halafu 2018 wakatoa nyingine ya DDR4, kumbukumbu ile ya polepole. Jina lilelile, GB 2 zilezile, na kwenye gemu nyingi inakwenda karibu nusu ya mwenzake.

Bibi: Wafanyabiashara.

Salim: Sasa mimi nichukue ipi kaka? Nina laki mbili na nusu, mwisho wangu.

Hamza: GTX 1650 ya kimo kifupi. Ya mwaka 2019, GB 4, inaipita 1050 Ti vizuri tu. Skrini yako ukubwa gani?

Salim: Inchi 19. 1600 kwa 900.

Hamza: Basi ndiyo mwake kabisa. Kwa skrini hiyo kadi kubwa zaidi ungekuwa unalipia picha usizoziona.

Salim: Kuna RX 6400 watu wanaisifia, nayo haitaki waya.

Hamza: Ni nzuri kwenye mashine mpya. Ile inatumia njia nne tu za kupitishia data, imetengenezwa kwa PCIe, yaani ile soketi ya kadi kwenye ubao mama, ya kizazi cha nne. Yako prosesa ni i5 ya kizazi cha sita, PCIe yake ni ya tatu, kwa hiyo njia zilezile nne zinapita nusu ya mzigo. Tena haiwezi kurekodi video yenyewe, na wewe unataka kutupia magoli yako mtandaoni.

Salim: 😂 umenijuaje

Hamza: Ungekuwa na hela zaidi ningesema RTX 3050 ya GB 6, ya 2024. Wati 70, na ya kimo kifupi ipo. Lakini uangalie isiwe ya GB 8, hiyo inataka waya. Na RAM yako, kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, ni kijiti kimoja au viwili?

Salim: Kimoja cha GB 8.

Hamza: Weka cha pili kwanza kabla ya kulalamika.

Mama Salim: Salim, vyombo.

Jumatano

Mjomba Idi: Nipo dukani. Nimepata 1650 ndogo, ya mtumba, dirham 340. 📷 Picha

Hamza: Shikamoo mjomba. Usitoke hapo. Feni inazunguka bila kelele? Wakuchomekee kwenye mashine yao, wafungue GPU-Z, halafu wawashe gemu yoyote dakika kumi.

Mjomba Idi: Huyu Mpakistani ananiangalia kama nakagua ng'ombe.

Hamza: Mwache aangalie.

Mjomba Idi: 📷 Picha
Imeandika GTX 1650. Hakuna neno FAKE. Joto nyuzi 68, imetulia.

Hamza: Safi. Sasa kile kibati cha chuma pembeni, hicho kilichofungwa ni kirefu. Muulize kama kifupi kipo. Bila hicho haifungiki kwenye kasha la Salim.

Mjomba Idi: Anasema kadi ndiyo hiyohiyo.

Hamza: Mwambie atafute kwenye boksi, huwa kimo ndani ya kifuko cha nailoni na skrubu zake.

Salim: Ya Rabi

Mjomba Idi: Hana boksi.

Mjomba Idi: Subiri.

Mjomba Idi: Ametoa ndoo nzima ya vibati chini ya meza 😂 tunajaribisha kimojakimoja.

Bibi: Idi mwanangu, umekula?

Mjomba Idi: Bado mama. Kimeingia! Cha saba.

Hamza: Lipa mjomba. Na ongeza kigeuzi cha HDMI kwenda VGA. Yule dogo na skrini yake ya soketi ya bluu.